Mwito wa Tatu

Siku yangu ya kwanza mezani nilipiga kengele kabla ya wakati, na nusura nifukuzwe kazi sijaionja hata chai ya mapumziko. Nyinyi vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Magomeni kuniuliza karani wa mpira wa wavu alikuwa akifanya nini, anzieni hapo. Msinicheke lakini.

Kila timu ina watu sita uwanjani, nao hupiga servisi kwa zamu, kwa mpangilio ambao kocha ameukabidhi mezani kwenye kikaratasi kabla ya seti kuanza. Karani anaunakili kwenye fomu ya mchezo. Akienda kupiga mtu ambaye si zamu yake, karani anamwona, lakini hasemi kitu. Anasubiri mpira upigwe, ndipo agonge kengele, kwa sababu akigonga mapema atakuwa ameisaidia timu moja. Mimi siku ile, kwenye uwanja wa vumbi wa shule moja kule Newala, nilimwona mtu ameshika mpira si zamu yake, nikaigonga kengele kama muuza lambalamba. Mkubwa wangu wa kwanza, Bwana Mkaguzi wa Michezo, akaja mezani mikono nyuma.

"Binti, wewe ni mama yao?"

"Hapana, Bwana Mkaguzi."

"Basi usiwakanye. Waache wakosee, kisha andika. Na uandike ulichokiona, si unachokijua. Unachokijua kapigie soga nyumbani kwenu."

Ndiye aliyenifundisha pia kusahihisha. Karani hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, anaandika upya juu yake, anatia sahihi pembeni. "Pasipo sahihi, hapana sahihi," alikuwa akisema, na akilisema hilo anajicheka mwenyewe mpaka anakohoa.

Kutoka Newala nikapelekwa Masasi, kisha Lindi, kisha nikarudishwa Mtwara chini ya Mwamuzi Mkuu. Huyu alikuwa mtu wa viatu vyeupe na maneno machache. Akipanda kwenye kile kiti chake kirefu pembeni mwa wavu, hata mbwa wa uwanjani walitulia. Nilifanya naye kazi miaka mingi, tukaheshimiana, ila jambo moja halikumwingia akilini kamwe, nalo ni namna yangu ya kuita majina.

Kabla ya mechi, karani husoma orodha ya wachezaji, na kila mmoja anaitika na kujionyesha. Asiyekuwepo anapigwa mstari kwa rula. Kanuni haisemi uite mara ngapi. Mimi ni mtoto wa Mikindani, na sisi tulilelewa hivi: ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza. Binadamu huita mara tatu. Kile kisicho binadamu huishia mara mbili, na ukikiitikia umejikabidhi mwenyewe. Kwa hiyo na mimi mezani nilikuwa naita, navuta pumzi, naita, navuta pumzi, naita. Ndipo nachukua rula.

"Bi Tatu," Mwamuzi Mkuu aliniambia siku moja, "hawa ni wachezaji au mashetani?"

"Ndilo ninalotaka kulijua, Mwamuzi Mkuu."

Hakucheka. Huyo bwana alikuwa hacheki.

Sasa niwaeleze yale mashindano. Mwaka wangu wa mwisho kazini, mji wetu ulipewa mashindano ya kimataifa ya wanaume. Wee! Nyumba za wageni zilijaa hadi watu wakakodishiwa vyumba vya uani. Walikuja Wakomoro, wakaja Wamalawi, na ikaja timu ya ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde watupu, wanaongea na mama ntilie wetu kana kwamba walilala jirani. Timu hiyo ilivuka mto kwenye kivuko cha Kilambo siku moja kabla ya mechi yake, wakiwa watu kumi na mmoja. Orodha ilikuwa na kumi na wawili.

"Tisa yuko nyuma," kocha wao aliniambia aliponikabidhi orodha. "Karatasi zake za safari zimechelewa, atavuka kesho asubuhi. Mama yake mzazi yuko Kilambo, upande wenu. Hajamwona tangu utotoni, baba yake alipomchukua. Atamsalimia kwanza, kisha aje acheze."

Jina lake lilikuwa Saidi. Sikuliwazia zaidi, nikaendelea na kazi.

Kesho yake alasiri jua lilikuwa kali, mwezi ule hata wingu hatujaliona. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Nikasimama kuita majina ya timu ya ng'ambo. Moja, yupo. Mbili, yupo. Nikaenda hivyo hadi tisa.

"Namba tisa, Saidi!"

Kimya. Nikavuta pumzi.

"Namba tisa, Saidi!"

Kimya tena. Lakini hiki kilikuwa kimya kingine. Nilikuwa nawaona watu wanaongea, midomo inakwenda, wala sauti yao siisikii. Rula ilikuwa tayari mkononi. Nikaita ya tatu.

"Naam!"

Sauti ile ilikuwa karibu yangu kuliko mwenyewe alivyokuwa. Yeye nilimwona mbali, nyuma ya mstari wa mwisho, upande usio na mlango, amesimama na jezi namba tisa, mikono imening'inia. Wenzake hawakugeuka kumtazama. Alinitazama mimi. Nikatia alama ya vema, makelele ya watu yakarudi, nikaita namba kumi.

Katika seti ya tatu namba nne wao aliteguka kifundo. Nikainua kichwa, nikaona namba tisa ameshasimama pembeni kumbadili. Nikaandika tisa pale palipokuwa nne, kama kazi inavyotaka. Zamu ya servisi ilikuwa ya nafasi hiyohiyo. Akaenda nyuma na mpira, akasimama, akaitazama meza yangu kama mtu anayengoja ruhusa. Nilijua nini? Sikujua kitu. Nikainamisha kichwa kumwonyesha nimemwandika.

Akapiga. Mlio haukuwa wa mpira, ulikuwa wa nguo mbichi inayofuliwa jiweni. Upande wa pili hakuna aliyenyanyua mkono, mpira ukaanguka katikati yao na kutulia palepale. Akapiga tena, hivyo hivyo. Mwamuzi Mkuu akapuliza filimbi, akaomba mpira aukague. Aliugeuza mikononi, akajipangusa kiganja kwenye suruali, kisha akakinusa.

"Karani," aliniambia kutoka juu, "andika: mpira umebadilishwa, umelowa."

"Umelowa nini, Mwamuzi Mkuu?"

"Andika umelowa."

Ukaletwa mwingine, mkavu. Akapiga nao mara mbili, nao ukarudi unadondosha maji. Niliyaona matone yanang'aa juani juu ya meza yangu, na harufu ilikuwa ya tope la mtoni. Kwa pigo la nne timu ya ng'ambo ikashinda mechi. Wakati wa kupeana mikono nilimtafuta namba tisa nimwangalie vizuri. Hakuwepo.

Kabla ya magharibi alikuja mtu wa Kilambo kwa pikipiki, amebeba begi lililolowa. Asubuhi kiboko aliupindua mtumbwi. Wengine waliogelea, mmoja alipotea, na kabla ya adhuhuri akapatikana kwenye matete. Mama yake alimtambua kwa kovu la utosini. Simu ilizama naye, watu hawakujua wampigie nani, na kwa kuwa mwili ulishakaa majini, wakamzika alasiri ileile. Ndani ya begi mlikuwa na jezi namba tisa, imekunjwa vizuri, haijavaliwa.

Kocha alikaa chini mchangani. "Sikumwingiza," alikuwa akisema. "Mimi nilimwingiza namba sita." Namba sita alikuwa uwanjani tangu seti inaanza, amesimama wavuni, mtu mmoja hasimami pawili. Wachezaji wenyewe wakabishana. Wengine waliapa Saidi alicheza, wengine waliapa hawakumbuki nani alipiga. Mwamuzi Mkuu nilimwona bombani ananawa mikono, anamaliza, anaanza tena.

Asubuhi nikaitwa kwa Katibu wa Mashindano. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mtu wa bara aliyeogopa wakubwa zake.

"Bi Tatu, fomu hii haiwezi kuondoka hapa ina maiti ndani yake. Sita na tisa ni ndugu, kikaratasi cha kubadili mchezaji kiligeuka juu chini, ukasoma vibaya. Piga mstari, andika sita, tia sahihi. Na kwenye orodha, mkate huyo marehemu."

"Katibu, mimi nilimwona."

"Uliona nini, mama? Sema mbele ya watu uliona nini."

Leo naona haya kuwaambia, lakini nitawaambia: nilikubali. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, nikaogopa kuitwa mchawi uzeeni. Nikachukua rula nikapiga mstari juu ya jina la Saidi. Nikapiga mwingine juu ya ile tisa. Nikainua kalamu nitie sahihi.

"Hodi!"

Katibu akaitika palepale, "Karibu!" Aliyekuwa nje hakuingia.

"Hodi!"

"Karibu, pita!" Katibu akapaza sauti. Mimi nilikuwa nimenyamaza.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema.

Akaingia mwanamke amejifunika kaniki, miguu ina vumbi la njia. Alimpita Katibu kama kiti, akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyemwita mwanangu. Wenzake wameniambia kuna mama mezani aliita majina. Mimi ni Asumini, mama yake Saidi. Ulimwita mara ngapi?"

"Mara tatu, dada yangu."

"Akaitika ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akakaa sakafuni, akajishika kichwa. "Ndiye," alisema. "Ndiye. Nilimfunza mimi alipokuwa mdogo, hata nikimwita kula haitiki kabla ya tatu." Kisha akaanza kulia, na katikati ya kilio akatueleza. Jana baada ya mazishi sheikh alikaa kaburini kusoma talakini, yale maneno ya kumwita marehemu kwa jina lake na la mama yake, na kumfundisha atakachowajibu malaika. Asumini alikuwa uani na wanawake, karibu na kaburi, akisikia. Watu walikuwa na haraka kwa sababu ya hali ya maiti. Sheikh aliita, "Ewe Saidi, mwana wa Asumini," mara moja tu, akaendelea kusoma.

"Mara moja!" alisema. "Tangu hapo nafsi yangu haijatulia. Mwanangu haitiki ya kwanza. Malaika wamefika wamemkuta kanyamaza, na mdomo wake nimeufunga mimi, mama yake, kwa mafunzo yangu. Dada, ulimwita saa ngapi?"

Saa ya kuita majina inaandikwa juu ya fomu. Nikamsomea. Saa kumi kasoro robo.

"Mola wangu," akasema taratibu. "Ndipo walipokuwa wakisoma." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe kwenye kalatasi."

Nikamwonyesha. Alikuwa hajui kusoma, lakini mstari hauhitaji kisomo. Akauwekea kidole. "Na huu wa nini?"

Katibu alitazama dirishani. Mimi nilimtazama yule mama, nikamkumbuka Bwana Mkaguzi na mikono yake nyuma, nikajionea aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

"Huo ni kosa langu," nikamwambia. "Nalisahihisha sasa hivi."

Nikaandika upya juu ya mstari: Saidi. Nikaandika upya ile tisa. Pembeni nikatia sahihi, mara mbili, kila mahali moja. Kisha nikamsomea kwa sauti, "Namba tisa, Saidi, ameitika." Akaifuta fomu kwa upindo wa kaniki, maana machozi yake yalikuwa yamedondokea, akasema, "Basi. Mwanangu ameitika." Akajiinua, akaenda zake.

Katibu hakunipanga mezani tena, hata kwenye fainali. Kamati iliamuru mechi irudiwe, timu ya ng'ambo ikakataa, wakaenda wote Kilambo kuhani msiba na kisha wakavuka kwao. Mwamuzi Mkuu alistaafu mwaka huohuo. Siku ya kuniaga alikuja na kengele ya mezani, ileile ya zamani, akaniambia tu, "Bi Tatu, ule mpira wa pili niliukausha mwenyewe kwa taulo kabla hajaupiga." Hatujalizungumza tena.

Siku hizi mnaandika kwenye vishikwambi, majina yanajitokeza yenyewe na picha zake, hakuna anayeita mtu. Sawa, kila zama na mambo yake. Lakini mkipata kuita, msikimbilie rula. Mtu anaweza kuwa mbali kuliko mnavyodhani, na bado yuko njiani.

Nami umri umesogea. Nimemwendea sheikh wa msikiti wetu hapa Magomeni, nikamwambia mbele ya wanangu, asije akasema hakuambiwa: siku yangu ikifika, asiwe na haraka pale kaburini. Aniite, avute pumzi. Aniite, avute pumzi. Za mwanzo mbili sitaitika.