Siku Nilipoupaka Mafuta Upinde wa Fidla

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mimi nikiwa peke yangu saluni, maji yanachemka, nikiikumbuka ile siku najikuta nimejifunika uso na taulo ya mteja. Na si aibu ya kuteleza sokoni au kupasukiwa na sketi, hizo wiki ikiisha watu wamesahau. Yangu ilitokea mbele ya ukumbi mzima wa wazazi kule Homa Bay, na kama ingekuwa yangu peke yangu ningeshukuru Mungu, lakini niliwaburuta ndani watoto ambao hawakunikosea kitu, mmoja wao akiwa wangu wa kuzaa.

Mimi ni msusi hapa Migori mjini, na tuseme ukweli, nywele nazijua. Ngumu, laini, zilizoungua na dawa, zilizokatika mbele kwa kusukwa kwa kukazwa, zote zimepita katika mikono hii. Nawaambia mapema ili mjue kiburi kilitoka wapi.

Msichana wangu Akoth anasoma shule ya bweni Homa Bay. Muhula mmoja alirudi nyumbani akasema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo lazima uzime redio ndiyo uisikie, kwamba anajifunza fidla, kwamba fidla za shule hazitoshi, na kwamba mwalimu amesema atakayerudi na yake ataingia okestra. Sasa huyu ni mtoto ambaye hajawahi kuniomba kitu. Viatu vikimbana anakunja vidole ananyamaza. Mtoto kama huyo akikuomba fidla, wewe utasema nini? Nilizunguka, nikauliza, nikaipata kwa Bwana Salim anayeuza vyombo vya mitumba karibu na stendi, imelala ndani ya kasha lake jeusi kati ya pasi na birika za umeme.

"Hii imetoka Ulaya, mama," Salim akaniambia huku akiipuliza vumbi. "Nyuzi zote ziko. Na upinde wake huu hapa, haujavunjika."

(Kama hujawahi kuuona upinde wa fidla, ni fimbo nyembamba iliyovutiwa nywele za farasi kutoka ncha hadi ncha, na hizo nywele ndizo zinazosuguliwa kwenye nyuzi mpaka fidla inalia.)

Likizo yote Akoth alipiga. Mwanzoni ilikuwa kama mlango wa choo cha nje usiku kukiwa na upepo, baadaye ikawa kama mlango uliopata adabu, na majirani walivumilia. Lakini mimi kitu kimoja kilinisumbua. Kila akimaliza kupiga, niliona unga mweupe umeanguka juu ya mbao, chini ya nyuzi, na zile nywele za upinde ukizipiga kidole zinatoa unga zaidi. Nikamwangalia mtoto, nikauangalia unga, nikasema moyoni: hii ni mba.

Siku ya mwisho ya likizo Akoth alienda Uriri kumuaga nyanya yake, nami nikabeba kasha nikaenda nalo kazini. Mteja wangu Mama Boke, Mkuria mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa ameketi chini ya drai. Nikamwonyesha.

"Ai! Hii nywele imechoka," akasema. "Tena imekuwa njano. Ilioshwa lini?"

"Sijui. Pengine ni huko huko Ulaya."

"Na mtoto ataenda nayo hivyo, mbele ya wazazi wa watu? Kwani wewe ni msusi wa nini?"

Hilo neno ndilo lililonimaliza. Nikaulegeza ule upinde kwa skrubu yake ya nyuma, nikauosha kwa shampuu, nikarudia, nikaweka kondishena, nikafunga taulo ya moto kama ninavyofungia bibi harusi, nikakausha kwa moto mdogo, nikachana na kitana cha meno madogo, halafu, kwa sababu nywele kavu ni nywele ya kukatika (hiyo nawaambia wateja kila siku), nikapaka mafuta ya nazi. Yawa! Ziling'aa. Zilining'inia kama nywele za yule mwanamke wa kwenye paketi. Mama Boke alipiga makofi mpaka rola zikamlegea kichwani. Mafuta yaliyobaki mkononi nikaona ni hasara kuyafuta, nikayapaka kwenye nyuzi na kwenye mbao. Ndani ya kasha kulikuwa na kipande cha kitu kigumu cha kahawia, kama peremende iliyolambwa ikaachwa. Nikakitupa pamoja na nywele zilizofagiwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kufungua shule, na wazazi tulikuwa tumealikwa kuona watoto wapya wakiingia okestra. Pale Awendo tulikwama nyuma ya malori ya miwa yanayotambaa kuelekea kiwandani, kwa hivyo tulifika wakati watu wameshaingia ukumbini na watoto wapya, watano pamoja na Akoth, wanapangwa kwenye ukumbi mdogo wa nje, kila mmoja na mzazi wake. Akoth akafungua kasha.

"Mama, mbona inanukia hivi?"

"Inanukia usafi."

"Na ile kitu ya kahawia iko wapi?"

"Ile peremende? Nilitupa, nyathina, mwanangu, ilikuwa imeoza."

Alifungua mdomo. Ninaapa aliufungua, na kama ningekuwa mzazi wa kunyamaza hata kidogo angesema na yote yangeisha hapo. Lakini wakati huo huo mama mmoja kutoka Mbita alikuwa ameinama juu ya fidla yetu anashangaa inavyong'aa, na mtu akishangaa kazi yangu mimi siwezi kunyamaza. Nikaeleza mba, nikaeleza tritimenti. Mama wa Mbita akautazama upinde wa mwanawe, akaona unga, akashika mdomo. "Na sisi tuna hiyo mba!"

Chupa ya mafuta ilikuwa kwenye mkoba wangu. (Msusi hatembei bila mafuta.) Nikaupaka upinde wa Mbita. Mama wa pili akaleta wake. Baba mmoja wa suti ya kahawia akaniletea wa binti yake na kusema, "Upake vizuri, asionekane mnyonge." Mzazi wa tano tu ndiye aliyekataa, alisema anaogopa kuguza vitu ambavyo hajui, na mimi, jameni, nilimhurumia.

Tukaingia. Okestra ya wakubwa ndiyo iliyoanza, na hapa wacha niache mzaha kidogo. Mimi nilidhani fidla nyingi ni kelele nyingi. Nilishajiandaa kuvumilia. Mwalimu wa muziki, kijana mwembamba wa shati jeupe, akainua kijiti, ile mikono yote ikapanda, na ilipoteremka kilichotoka sijui nikiite nini. Haikuwa fidla hii na fidla ile. Ilikuwa kitu kimoja kikubwa kilichoamka chini ya sakafu, kikapanda kwa miguu ya viti, kikanipita tumboni. Nilitazama dirishani kama mjinga nikidhani ni ziwa limeinuka. Mzee aliyeketi mbele yangu alivua kofia polepole kama tuko kanisani. Na waliokuwa wakifanya hivyo ni watoto tu, wengine soksi zimeshuka, mmoja ana plasta kwenye goti. Nikawaza, wangu anaingia humo. Nikashika mkono wa mtu nisiyemjua.

Halafu wapya wakaitwa mbele. Mwalimu akasema watapiga sauti moja tu ndefu, wote pamoja, wawasalimie wazazi. Akainua kijiti.

Fidla moja ikalia. Moja. Ya yule mtoto ambaye mzazi wake alikataa mafuta. Nyingine nne zilitoa sauti ya mtu anayefagia sebule kwa ufagio mpya: shwaa, shwaa. Watoto wakatazamana. Mwalimu akawaambia warudie. Shwaa. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, wa pili akamfuata.

Mimi nilidhani ni woga. Kwa hivyo nikafanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili hafanyi, nikasimama watu wote wakiwa wameketi, nikapiga kelele, "Akoth! Kaza mkono! Sukuma!"

Na Akoth, kwa kuwa ni mtoto wa kutii, akakaza. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama sabuni bafuni, ukamtoka mkononi, ukaruka, ukaipiga stendi ya mwalimu, na karatasi za muziki zikatawanyika mpaka miguuni mwa mwalimu mkuu. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Wangu alisimama pale katikati, mikono mitupu, hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Mwalimu wa muziki akauokota upinde. Akaupitisha kidole. Akaunusa. Akachukua wa mtoto wa pili, akaunusa, na wa tatu, na wa nne.

"Samahani, wazazi," akasema polepole. "Ni nani amepaka hizi vitu mafuta?"

Akoth hakugeuka. Alitazama ukuta, na nilijua hata akichapwa hatanitaja. Lakini mama wa Mbita, yule wa suti ya kahawia, na yule mama wa pili, wote watatu walikuwa wameshageuka kunitazama, na mstari mzima wa viti ukafuata macho yao.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. Na bado mdomo haukutosheka: "Lakini ni ya nazi, haina kemikali."

Sitawaeleza kicheko hicho. Kilichofuata ndicho ninachotaka mkijue. Msichana mmoja mrefu wa safu ya nyuma, bila kuitwa na mtu, alishuka na upinde wake mwenyewe akamkabidhi Akoth. Wengine watatu wakamfuata, kila mmoja kwa mtoto mmoja. Mwalimu akaleta kitambaa na chupa ya spiriti, akafuta nyuzi za fidla yetu moja moja huku watu bado wanajipangusa machozi, kisha akamwinamia Akoth akamwambia kitu, na Akoth akatikisa kichwa kukubali.

Akapiga peke yake. Ilianza nyembamba, ikatetemeka, halafu ikashika, na ule ukumbi uliokuwa ukicheka ukanyamaza kana kwamba umefungiwa mlango. Sauti moja tu, ndefu. Huyu nimemnyonyesha, nimemsuka kila Jumapili, nimelala naye kitanda kimoja akiwa na malaria, na sikuwa nimewahi kujua kwamba anaweza kuwanyamazisha watu wote hao bila kufungua mdomo. Nilikaa chini.

Baadaye mwalimu alinipeleka chumba cha muziki, akanipa pamba na spiriti na zile pinde nne, nisafishe nilichochafua. Wale wazazi watatu wakaja kunisimamia. Baba wa suti ya kahawia aliniuliza, kwa adabu kabisa, saluni yangu iko wapi, ili amwambie mkewe asiikanyage.

"Mama Akoth," mwalimu akasema, "ule unga haukuwa uchafu. Ni ulimbo. Utomvu wa mti, unagandishwa, halafu unapakwa kwenye nywele ndiyo zikamate uzi. Zisipokamata, zinapita tu. Hakuna sauti."

"Na ile peremende?"

"Ndiyo huo ulimbo, mama."

"Kama ile kitu nyeusi ya kwenye orutu?"

"Kabisa. Ni kazi hiyo hiyo."

Nikaiacha pamba. Orutu nimeisikia tangu nizaliwe. Hakuna matanga ya kwetu ambayo mzee mmoja hakuja na fidla yake hiyo ya uzi mmoja akawaliza watu wazima, na kila mara nilimwona akiusugua upinde kwenye lile donge jeusi lililobandikwa pale, na kila mara nilidhani ni masizi, mzee hasafishi vitu vyake. Kumbe kilio chote kile kilikuwa kinapitia hapo. Nywele za mnyama na maji ya mti. Niliutazama ule upinde uliolala mapajani mwangu na nikaogopa kuupumulia.

Pinde tatu zilirudi kutoa sauti, wa Akoth ukiwemo. Wa mtoto wa Mbita ulikataa, ikabidi utiwe nywele mpya, na fundi wa kufanya hivyo tuliambiwa yuko Kisumu. Niliupeleka mwenyewe, nimeupakata kama mtoto aliyezaliwa jana. Fundi akaugusa, akanusa kidole, akanitazama juu ya miwani.

"Nani alifanya hivi?"

"Kuna mzazi mmoja huko Migori," nikamjibu. "Si mtu mbaya. Ni vile mikono yake haitulii."

Alinikaribisha niketi nione akifunga nywele mpya, nikakataa kiti, nikasimama mlangoni na mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Hivyo ndivyo nilivyoapa kuishi. Nikikuta kitu cha watu ambacho sikielewi, hata kiwe na mba ya namna gani, nitauliza kwanza, na nitasimama hivyo hivyo mpaka nijibiwe.