Mashine ya Kukausha Ndagala

Sijui nani alitoa wazo la kuchoma mbao za chanja za kuanikia samaki. Najua tu kwamba siku mradi wa msaada ulipotuletea mashine ya kukausha ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, kina mama wa ufukweni hapa Baraka walifurahi kupita kiasi. Walibomoa chanja zao zote, na kwa kuni hizo wakawapikia wageni wa mradi ugali na mbuzi. Mama yangu alileta mbao zake kichwani, akiimba. Ndagala zilezile za kuanika ndizo zilizotulea tangu baba afariki.

Mashine ilikuwa na sola juu, milango ya kioo, na kompyuta ndani iliyopima joto na unyevu, ikapeleka habari kwenye ofisi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tuliambiwa mvua haitatuozeshea samaki tena, na eneo letu lote la Fizi litainuka. Niliamini. Ndagala za kwanza zilitoka safi, bila chembe ya mchanga, na mama alizionyesha hata kwa wapita njia.

Kisha mwezi ukawa mpevu. Mwezi ukiangaza, taa za wavuvi hazimvuti samaki yeyote, na mitumbwi hubaki nchi kavu. Kina mama wakaiosha mashine, wakaizima, wakaifunika kwa vitenge vizuri.

"Nayo ipumuzike kidogo," mama alisema.

Usiku wa giza uliporudi, mitumbwi ilifika imejaa. Mama aliweka mtaji wake wote kwenye mabeseni ya ndagala. Mashine ikakataa kuwaka. Nikampigia fundi wa mradi, aliyekuwa Bukavu.

"Système ya kompyuta imejifunga yenyewe," alinijibu. "Iliona mashini haiko na kazi, ikafikiri mulishaiacha."

"Mwezi ilikuwa inaangaza! Ni nani anavua na mwezi?"

"Ile habakuingiza mu système, ndugu yangu. Benye kuifungua beko mu ofisi, kule mbali. Mungoje."

Nilikata simu kwa hasira. Ningemtukana nani? Mvua ilikuwa imeshaanza. Mama alitandaza ndagala mchangani juu ya plastiki, akafunika, akafunua, akafunika tena. Ubao wa kuziinulia haukuwepo hata mmoja, ufukwe mzima. Ziliponuka, alizirudisha ziwani mwenyewe, beseni baada ya beseni, na hakutaka nimsaidie.

Asubuhi moja ujumbe uliingia kwenye simu yake. Akanipa nimsomee.

"Inasema nini?"

"Inasema mashine imefunguliwa. Tuitumie sasa, la sivyo itafungwa tena."

"We uliangalia juu jana usiku?" mama aliuliza.

Nilikuwa nimeangalia. Mwezi ulikuwa duara kamili, na mitumbwi yote ilikuwa imelala mchangani. Mama akachukua jembe, akaenda kulima mihogo ya watu, kazi anayoifanya hadi leo. Kule ufukweni mashine ilikuwa imewashwa isije ikafungwa tena, ikivuma, trei zote tupu, ikikausha hewa.