Sumu Isiyokufa kwa Moto

Mama Mbombo wa Kasulo mkono wake ni mtamu, na msiba wowote ukitokea mtaani kwetu, sufuria kubwa huwa ni zake. Watu hufika kulia kidogo, wakionja mchuzi wanasahau kurudi kwao. Mimi ni mmoja wao, sifichi.

Alipofariki mzee Kalumba, wali uliobaki jioni ulilala ndani ya sufuria, kama tulivyozoea. Asubuhi Mbombo akaupasha moto hadi ukafuka mvuke, akatugawia. Kabla ya adhuhuri uwanja mzima ulikuwa unatapika. Shekina, mjukuu mdogo wa marehemu, akalegea hadi tukamkimbiza kituo cha afya.

Blandine, mama wa mtoto, hakungoja kuuliza.

"Mbombo ametia sumu! Anataka kumaliza jamaa yetu!"

Wengi wakamwamini, maana wali wa kulala tulikuwa tumekula miaka yote bila kuumwa hata tumbo. Maneno ya kijinga, lakini yalienea. Hakuna aliyegusa tena chakula cha Mbombo, naye akaacha kupika hata kwake. Mumewe, Polycarpe, akawa anaishi kwa mkate na chai. Iliniuma sana kuona jiko lake limepoa.

Siku ya kumruhusu Shekina atoke kituoni, nesi Abigaëlle alimketisha Blandine.

"Mama, mikrobe, vile vidudu vya mu muchele, haifanane yote. Mingi haina ile sumu ya kutapisha. Ingine iko naitengeneza, zaidi kama muchele inalala mu joto. Ukichemsha tena, mikrobe inaweza kufa, lakini ile sumu inabakia."

"Na miaka yote tulikulaka?"

"Mulikuwa na bahati, mama. Hakuna mutu alitia kitu."

Blandine alirudi nyumbani. Jumapili akaja kwa Mbombo, Shekina mgongoni. Mbombo alipomwona akainuka aingie ndani, Blandine akamshika mkono.

"Mama, utupikie. Tutangojea."

Mbombo akasonga bukari, ugali wetu, akachemsha na mboga. Alipoleta chakula, Blandine hakunyoosha mkono kwenye sahani. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa Mbombo.

"Umulishe weye mwenyewe."

Mbombo akafinyanga tonge dogo, akalipuliza kwa muda mrefu huku machozi yakimtoka, na Shekina akafungua mdomo.