Mashine Iliyopotewa na Siku

Mwanakombo binti Sadallah bin Mwinshehe, mkunga wa Mtoni, ndiye aliyemzalisha mke wa imamu nyumba ikiwa imejaa maji mpaka magotini. Ndiye aliyekata vitovu vya watoto mia sita kumi na mmoja na hakuzika mama hata mmoja. Na ndiye, mwaka wa tisini na saba, aliyebishana na kompyuta.

Kompyuta yenyewe mkwewe aliitoa mnadani, shirika lao lilipouzwa. Mjukuu wake Somoe, aliyekuwa akisoma kozi Kariakoo, akaingiza humo kaunta buku zote tatu za bibi yake: jina la mama, mtoto, siku, saa. Akasema sasa kaunta buku hazina kazi. Zikatiwa uvunguni, mchwa wakazila. Bibi hakununa, maana mashine ipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na plagi imechomolewa isipigwe na radi.

Miezi minane baadaye akaja Munira, binti wa jirani. Amepata chuo cha uuguzi, Ijumaa apeleke cheti cha kuzaliwa, naye alizaliwa mkekani kwa mama yake. Ofisini wanataka barua ya mkunga yenye tarehe, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Bi Mwanakombo aliikumbuka mvua ya siku ile, akaikumbuka mpaka kanga aliyompokelea, tarehe haikuja. Na kubuni hajapata kubuni.

Somoe akawasha. Akasoma kioo, akasoma tena, akasema mashine haioni diski yalimo majina.

“Haioni vipi, na imo tumboni mwake?”

“Imo, bibi. Ila haiioni.”

Akaitwa Erasmus, fundi redio. Akaamkia, akafungua bati, akapuliza vumbi, akabadili waya, akatega sikio: diski inazunguka. Akawasha. Haioni. Bi Mwanakombo akazidi kuchanganyikiwa. Maisha yake yote hajakutana na mama ambaye mtoto anamchezea tumboni, naye anaapa hana mimba.

Bi Mwanakombo Kizungu hakijui, lakini namba anazijua. Akauliza ile pale juu ya kioo si tarehe? Mbona inasema mosi Januari, themanini? Somoe akamwambia aachane nayo, ni saa tu imeharibika.

“Mie mzazi akizinduka hajui leo siku gani, simuulizi habari za watoto. Nampa uji kwanza. Huyu kazimia.”

Erasmus akaweka bisibisi chini. Akaeleza kwamba ndani mna betri ndogo inayoshika tarehe, na hiyohiyo ndiyo inayoikumbusha mashine ina diski ya namna gani. Ikifa, vyote vinapotea. Akaenda akarudi na betri, kisha akaanza kumsomea Somoe namba zilizobandikwa kwenye diski, aiambie mashine upya. Aliposoma vichwa vinne, Bi Mwanakombo akamtazama usoni. Vichwa vinne vya nani? Akaelezwa mara mbili kwamba ni vya kusomea diski. Hakuelewa, na hakujifanya ameelewa.

Majina yakatokea. Munira: Jumatano, tarehe kumi na mbili Aprili, sabini na nane, alfajiri.

Bi Mwanakombo alipomaliza kutia sahihi barua, akamtuma Munira dukani, akaja na kaunta buku mpya. Akamkabidhi Somoe na kalamu.

“Yatoe humo yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mkono wako. Wa mia tano na tatu ni wewe. Andika na kwamba ulitanguliza miguu, maana mpaka leo mambo yako unayafanya hivyohivyo.”