Sumaku ya Redio ya Bibi

Juzi mwanangu mdogo alibandua kipande cheusi cha mviringo kwenye mlango wa friji, akaja nacho kuniuliza kwa nini kinashika misumari lakini hakishiki sufuria. Mvua ilikuwa inapiga bati hapa Chuno, Mtwara mjini, umeme umekatika tangu adhuhuri. Nilimnyang'anya kile kipande kabla sijajua nafanya nini. Mtoto alishtuka, nami nilishtuka zaidi yake. Nilimpa jibu fupi, na jibu fupi halikutosha. Wewe kaa hapa karibu, rafiki yangu, nikueleze taratibu.

Ile ni sumaku ya redio ya bibi yangu, mzaa mama, kule Mahurunga.

Nyumba ya bibi ilikuwa juu, kwenye mchanga mwekundu wa mikorosho. Mashamba ya mpunga yalikuwa chini bondeni, jirani na mto Ruvuma. Baba alikuwa mpagazi bandarini Mtwara, kwa hiyo mpunga ulipoanza kukomaa mama ndiye aliyeshuka bondeni na mdogo wangu mgongoni, akakaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kulinda ndege mchana na viboko usiku. Sisi tuliobaki juu tulisikia sauti yake asubuhi, nyembamba, ikifukuza ndege, na harufu ya mpunga mbichi ikapanda na upepo hadi jikoni tulikokuwa tukitwanga kisamvu.

Sasa elewa jambo moja, maana hofu yote ilikuwa hapo. Nyuma ya mashamba palikuwa na mkono wa mto. Kiangazi ulikuwa njia tu ya mchanga, tulipita juu yake tukiimba. Ruvuma ulipofura, maji yaliingia kwanza kwenye ule mkono, kimyakimya. Mtu aliyekuwa shambani aliutazama mto ulio mbele yake, kumbe njia ya nyumbani imeshafungwa mgongoni. Bibi alikuwa akisema, "Mto ni mwizi mzoefu, huingilia mlango wa uani."

Kinga yetu ilikuwa simu. Mamdogo, mdogo wake mama, aliolewa mbali, kule mto unakotokea, na mumewe alikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo simu yake haikukosa chaji. Maji yakipanda kwake asubuhi, kwetu yanafika alasiri. Yeye alimpigia bibi kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, na bibi alikwenda kuigonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti karibu na msikiti. Rimu ikilia, bonde lote linapanda.

Mwaka huo, nikiwa darasa la nne, mvua ilikataa kukatika. Jua lilipotea, na sola ya muuza duka, tuliyoitegemea wote, ikawa bati tu la kioo. Daraja la barabara kuu likabebwa, na pikipiki za kijiji, ambazo betri zake zingetuchajia simu, zikakwama upande wa pili na wenyewe. Simu zikafa moja baada ya nyingine. Bibi aliizima yake, akawa anaiwasha asubuhi na alasiri tu, muda wa kumeza mate, kisha anaizima tena. Siku moja aliibonyeza asubuhi, ikaonyesha mwanga mdogo, ikafumba. Aliishika vile vile mkononi, akitazama bondeni.

Tulimtuma jirani akamwite mama apande. Jirani alirudi na matope hadi magotini. "Kasema mpunga unageuka rangi. Akiuacha siku mbili, hamtakuta hata bua. Kasema rimu ikilia atakuja."

Rimu ikilia! Na nani angejua wakati wa kuigonga? Mchana ule nilishindwa kumeza ugali.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa baiskeli na redio pale barazani. Aliichukua baiskeli ya mama, akaiingiza ndani kwa bibi, akaigeuza miguu juu, akazungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu la nyuma likavuma. "Tunahitaji sumaku ipite mbele ya waya," alisema. "Ipite haraka, irudi, ipite tena. Kila ikipita, waya unasukumwa kidogo, na huko kusukumwa ndiko umeme." Dainamo ya baiskeli ile ilikuwa imeliwa na kutu hadi ndani, kwa hiyo tulipaswa kutengeneza yetu.

Akamwaga kapu lake la vyuma sakafuni, tukaanza kuchagua. Nakueleza kama alivyonieleza, kwani alikuwa na subira hata siku ile.

Tulianza na waya. Kulikuwa na mota mbili za feni, zote zimekufa. "Kitu kilichokufa," alisema, "uliza kwanza kimeuawa na nini." Moja ilikuwa nyeusi na inanuka kama nywele zilizoungua. Hiyo iliuawa na moto, na waya wake umevuliwa ile rangi nyembamba inayozuia nyuzi zisigusane. Ya pili ilivunjika mhimili tu, na waya wake uling'aa kama asali. Tuliufungua ule, tukauzungusha kwenye kopo hadi ukawa kitita kinene. Mimi nilishika kopo huku nikiwaza lile swali lake. Kitu kilichokufa, kimeuawa na nini? Nilitamani asingelisema.

Kisha dayodi, kidude kidogo kama punje ya mpunga chenye mstari upande mmoja. Kazi yake ni ya mlango unaofunguka upande mmoja tu. Umeme unaotoka kwenye gurudumu huenda na kurudi, na betri haitaki wa kurudi. "Kama mkono wa mto ungekuwa na mlango kama huu," mjomba alisema, kisha akaona uso wangu, akainamia tena waya.

Sumaku ya kwanza ilitoka msikitini. Mwalimu wa madrasa alitukabidhi koo la spika iliyokuwa imeziba kwa kutu, akasema, "Ilikuwa inaita watu kuswali, sasa na iwaite wapande." Tuliitoa sumaku iliyokuwa ndani yake, tukaipima kwa misumari. Ilishika msumari, na msumari ukashika mwingine, hadi mnyororo mrefu ukaning'inia. Mjomba aliifunga kwenye spoki kwa vipande vya tyubu.

Tulipozungusha, baiskeli nzima ilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa. Uzito ulikuwa upande mmoja. Jirani yetu muuza vitumbua alichungulia dirishani.

"Fundi! Unasaga nini humo? Upepo?"

"Unga wa simu," mjomba alimjibu. "Kalete chekeche lako."

Alicheka, lakini hakuondoka. Mumewe naye alikuwa bondeni.

Mjomba akafunga jiwe upande wa pili. Gurudumu likatulia. Akakifunga kile kitita cha waya kwenye fremu, pale sumaku inapopita, akaunganisha kitaa cha tochi, nikazungusha pedeli kwa nguvu zangu zote, na kitaa kikawaka, kikazima, kikawaka. Tulipiga kelele! Lakini tulipoweka betri ya simu na kuzungusha hadi mabega yakawaka moto, simu haikuamka. Jiwe lilitoa uzito tu. Ilihitajika sumaku nyingine, nzito kama ile, na uso wake ugeuzwe kinyume na wa mwenzake, ili waya usukumwe mara mbili kwa kila mzunguko.

Kapuni hapakuwa na nyingine. Mjomba alipekua mpaka chini, akapekua tena. Kisha alisimama, akatazama kabatini, halafu haraka akatazama pembeni.

Bibi alimwona. Kabatini kulikuwa na redio yake. Betri zake zilikuwa zimechoka, kama kawaida, na bibi alikuwa na desturi ya kuzianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja, taarifa ya habari na taarabu kidogo. Babu ndiye aliyemletea redio ile, na tangu afariki ndiyo sauti iliyobaki ikiongea naye jioni.

"Mama, siwezi," mjomba alisema.

"Weye unaweza. Mimi ndiye siwezi, sina bisibisi."

Bibi alikaa kwenye mkeka akitazama mlango mpaka kazi ilipokwisha. Spika ilipotoka, karatasi yake ilichanika kwa sauti kavu, na bibi alifumba macho mara moja tu.

Asubuhi iliyofuata, sumaku ya redio ikiwa imeshachukua nafasi ya jiwe, tulizungusha kwa zamu, mjomba, mimi na muuza vitumbua aliyeacha karai lake. Usifikiri gurudumu lile lilikuwa na muujiza. Umeme wote ulitoka mikononi mwetu, na mikono iliupata kwenye ugali wa muhogo. Nilizungusha nikiutazama mti wenye rimu. Kila nilipochoka nilimwona mdogo wangu mgongoni kwa mama, nikaongeza.

Adhuhuri bibi alisema basi, tuijaribu. Akapachika betri, akabonyeza. Kioo kikawaka. Hakijamaliza hata kuwaka vizuri, simu ikaita.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya mamdogo, imekauka. "Tangu alfajiri napiga! Maji yako mlangoni kwa mashine, ma..."

Ikafa. Bibi alitoka mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile, wala sikumwona akikimbia tena. Alishika kipande cha nondo, akaipiga rimu hadi kunguru wakaruka kijiji kizima.

Tulisimama juu, njia ya bondeni inapoishia. Watu wakaanza kutokea, wenye matenga, wenye mikeka, mume wa muuza vitumbua na jogoo kwapani. Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Mama hakuwamo. Njia ikabaki tupu, na chini kule mkono wa mto ulikuwa umeshaanza kung'aa. Hapakuwa na sauti yoyote, na huo ukimya ndio ninaousikia mpaka leo.

Alitokea mwisho, maji kifuani, amemwinua mdogo wangu juu ya kichwa kama mtu anayebeba mtungi. Mjomba aliingia na kamba kumpokea. Mama hakuja na hata punje moja. Nyumbani alikaa sakafuni akitiririka, meno yakigongana, akatazama huku na huku kana kwamba anahesabu vyombo.

"Nani kapasua redio ya mama?"

"Ile pale, inazunguka," bibi alimjibu. "Kunywa chai."

Mwaka ule tulikula muhogo mpaka mavuno mengine. Jua liliporudi, nilimwona bibi akipanga betri za redio juu ya bati, kama desturi yake, na jioni akaziteremsha na kuzifuta vumbi. Redio ya kuzila haikuwepo. Alifanya hivyo siku nyingi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Bibi hayupo tena. Nguzo za umeme zimefika hadi mashambani, rimu imeondolewa mtini, na mto umeshahamisha kingo zake hata siwezi kukuonyesha dungu lilikuwa wapi. Baiskeli iliuzwa. Imebaki sumaku, na simu yangu, ambayo watoto hunicheka kwa sababu siiachi ishuke chini ya nusu.

Juzi, mvua ikiendelea kupiga bati, nilimrudishia mwanangu sumaku yake, kisha nikampigia mama. Bado anaishi Mahurunga.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mto umetoka?"

"Hapana, mama. Nilitaka tu kusikia ikiita."

"Basi kata," akasema, "upige tena."