Neno Nililonyimwa Kiranjeranje

Harufu ya ufuta uliovunwa karibuni, ukisimamishwa matita matita ili ukauke, ndiyo inirudishayo Kiranjeranje, darasa la tano, msimu ambao mwalimu wetu wa Kiingereza alifundisha vitenzi kwa vitendo. Mwanafunzi alitoka mbele, akatenda, na darasa zima likataja tendo kwa sauti. Siku ya neno “walk” nilinyoosha mkono kabla ya wote, kwani nilikuwa nimelifanyia mazoezi uani kwa bibi. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa. Sikufika hata nusu ya chumba.

“Rudi ukae, binti,” alisema mwalimu. “Nimetaka kutembea. Huko ni kuchechemea.”

“Somoe, taratibu, utamwaga maji!” alidakia mmoja nyuma, kana kwamba nimebeba ndoo kichwani, na darasa likaangua kicheko.

Sikulia. Niliazima kamusi chakavu ya mjomba, nikasoma maelezo ya neno lile mpaka nikayahifadhi: kwenda kwa miguu, hatua kwa hatua, pasipo kukimbia. Urefu wa mguu haukutajwa popote. Niligundua pia kwamba Waingereza hulitumia neno hilohilo kwa kumtembeza mbwa. Mbwa alikuwa na haki nalo, mimi nilinyimwa. Nikangoja.

Mkaguzi wa shule alikuja wakati wa kupukuta ufuta. Aliuliza maana ya neno lile na matumizi yake. Wenzangu walijua kulitenda tu, kulieleza hawakuweza. Mwalimu, jasho likimtiririka, akanigeukia.

“Somoe, mwanangu, hebu mjibu mgeni.”

Nilisimama. “Shikamoo, mzee. Jibu ninalo, ila mwalimu alisema mimi sitembei, nachechemea. Bora aeleze yeye.”

“Marahaba. Haya, mwalimu, tueleze.”

“Ni… kutembea vizuri.”

“Vizuri kwa kipimo cha nani?”

Hapo ndipo nilipoyatoa maelezo yote, neno kwa neno, pamoja na mbwa, huku mkaguzi akiandika.

Leo nafundisha Kiingereza chuoni Lindi, na mwalimu amestaafu. Hukutana naye Nangurukuru ninaposubiri basi. Humwamkia, kwa kuwa umri una haki yake. Yeye huwatangazia walaji wa kibandani kwamba ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Wanasema miaka hupunguza uchungu, wangu imeunoa. Kila mara mimi humsahihisha mbele yao kwa kuwasimulia siku ile, taratibu, bila kuruka hata neno moja.