Mfuko wa Klipu Ambao Sijaufungua

Mkosaji ni mimi. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na nimejitetea vya kutosha. Usiniulize jina. Mimi ni fundi wa stima, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Majimbo hapa Embu, na tangu asubuhi hakuna aliyenisemesha ila mama wa kibanda aliyeuliza kama nataka chapati moja au mbili.

Kwetu ni Meru. Huko nilikuwa na mwenzangu wa kazi, nitamwita Mutwiri. Ndiye aliyenifundisha kazi hii nikiwa sijui hata kushika testa ya kupimia stima. Baadaye alianguka kutoka kwenye ngazi, goti likaharibika, akawa hawezi kupanda tena. Tukapanga hivi: mimi napanda, yeye anabaki chini. Nikimaliza nasema "sawa", naye anatia sahihi kwenye fomu, kwa kuwa mwenye leseni alikuwa yeye.

"Wewe ndio macho yangu huko juu," alikuwa akiniambia.

Macho yake! Nikikumbuka naona haya.

Tulipata kazi katika jengo moja karibu na soko la Gakoromone. Chini kulikuwa na maduka, juu vyumba vya mafundi wa cherehani, na korido moja tu ya kutokea. Nyaya zilipita juu ya korido hiyo, ndani ya silingi, ile dari ya bodi. Mutwiri alikazania jambo moja: zishikwe na klipu za chuma, zifungwe kwa skrubu kwenye zege, mwanzo hadi mwisho. Moto ukija, vifungo vya plastiki vinayeyuka mapema, na nyaya zote zinawaangukia watu wanaokimbia.

"Hapa watu watapita wakiwa hawaoni, ni moshi tu," alisema. "Kitu kisiwaangukie."

Klipu zikaisha hata hatujafika nusu. Aliyekwenda kutafuta nyingine ni Mutwiri, na goti lake hilo, kwa sababu mimi nilisema nimechoka. Kweli nilichoka. Shingo iliniuma, vumbi la zege lilijaa machoni. Na mafundi wa silingi walikuwa wamefika na bodi zao, wameketi chini yangu wakinicheka.

"Fundi, unafanya kazi ama umelalia mayai huko juu?"

"Wacha, huyo anangoja mzee wake aje amshike mkono!"

Nikapandwa na hasira za kijinga. Mkobani nilikuwa na vifungo vya plastiki, vile vya kukaza kwa mkono tu. Nikafunga nyaya zote zilizobaki kwenye mbao za silingi, chapuchapu, bila kutoboa hata shimo moja.

Mutwiri akarudi, kijasho chembamba kikimtoka, akaninyooshea mfuko wa klipu nikiwa juu ya ngazi. Alikuwa ameufunga fundo ili zisimwagike njiani. "Weka hizi, mimi nimalizie mita huko chini," akasema, akateremka kule kwenye maduka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Niliwasha drili nikaiacha ingurume hewani, nikazima, nikawasha tena, ili asikie! Wale wa silingi walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka nao. Kisha nikawaambia wafunge bodi.

Mutwiri alipopanda ngazi za jengo, polepole, silingi ilikuwa nyeupe kote.

"Umeweka zote?"

"Sawa," nikasema.

Akatia sahihi.

Miezi ilipita. Siku moja, saa nne asubuhi, duka la magodoro pale chini likashika moto. Moshi ukapanda kwenye korido. Mafundi wa cherehani wakatoka, wa mwisho akiwa mama mmoja tuliyemwita Mama Kawira. Nyaya zangu zilimwangukia yeye. Zilimzunguka shingoni na mkononi, akawa anavuta huku zinamvuta. Alitolewa akiwa hai, Mungu ni mwema. Lakini mkono wake wa kulia uliungua vibaya, na mpaka leo hawezi kuongoza kitambaa kwenye mashine.

Mwenye jengo alituita. Vipande vya plastiki iliyoyeyuka vilikuwa mezani, pamoja na ile fomu. Akauliza, "Nani aliweka sahihi hapa?"

Mutwiri akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ole wangu, nilivikazia macho kana kwamba nimevinunua siku hiyo!

"Ni mimi," Mutwiri akasema.

Leseni alikuja kunyang'anywa na wakaguzi wa stima. Siku ile, njiani kutoka kwa mwenye jengo, aliniuliza mara moja tu, bila hasira.

"Zile klipu nilikuletea, uliziweka?"

"Niliziweka."

"Sawa," akasema. Tukaachana pale barabarani, na hatujasemezana tena.

Nilihamia Embu nikidhani aibu itabaki Meru. Ilinifuata. Kazi napata, lakini nafanya peke yangu. Nikiwa juu ya ngazi nasema "sawa", halafu nakumbuka kwamba hapo chini hakuna mtu. Jioni napika ugali wa mtu mmoja, nalala chali, naangalia silingi ya chumba changu. Upweke wenyewe ndio huo, na niliutafuta kwa mikono yangu.

Mwaka jana nilikwenda Kianjai, kwao Mutwiri. Nilimwona kwa mbali akipalilia maharagwe, amekunja mguu mmoja, ule mzima, na ule mwingine ameunyoosha kando. Nilisimama nyuma ya ua. Nilikuwa nimefika kumwambia! Nikageuka nikarudi.

Ndiyo maana nakuambia wewe. Wewe hunijui, na huwezi kuniangalia jinsi alivyoniangalia siku ile.

Ninyi mafundi wenzangu, msicheze na kitu kinachofichwa na silingi. Anayepita chini yake hawezi kuangalia, amekuachia wewe. Na ukiwa na mwenzako anayeamini neno lako bila kupanda kuhakikisha, tafadhali, mtunze huyo! Mimi nilimtupa ili vijana waache kunicheka, na hata majina yao siyajui.

Mfuko wa klipu ninao. Uko chini ya kitanda, nimehama nao vyumba viwili. Fundo alilolifunga Mutwiri bado liko vilevile.